Timu ya mbio za magari ya Morgan-McClure ilifungaje milango?

Ndugu, umeuliza inakuwaje timu ya familia kama Morgan-McClure ishinde Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR (mashindano ya magari ya Marekani), mara tatu halafu ifunge milango. Pesa. Na NASCAR yenyewe iliwaacha nyuma.

Larry McClure alikuwa muuza magari wa Abingdon, Virginia, huko milimani. Mwaka 1983 yeye, ndugu zake na Tim Morgan wakaanzisha timu. Ernie Irvan akawapa Daytona ya 1991, Sterling Marlin ya 1994 na 1995. Lile gari namba 4 la manjano la mdhamini wao Kodak, kampuni ya filamu za kamera, nani asiyelikumbuka! Siri yao ilikuwa injini: kwenye viwanja vya Daytona na Talladega magari yote yalifungwa bamba lenye matundu la kubana hewa ya injini ili kupunguza kasi, na mafundi wa Abingdon walijua kukamua nguvu humo humo.

Baadaye matajiri wakawa na magari matatu, manne kila mmoja, wanapeana takwimu za majaribio. McClure ana gari moja, tena yuko mbali na jiji la Charlotte waliko wahandisi wengi wa mbio. Ushindi wa mwisho ni kwenye uwanja wa Martinsville 1998, Bobby Hamilton akiendesha. Kodak nao, filamu zikiuawa na kamera za dijitali, wakaondoka baada ya msimu wa 2003.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, kwa maoni yangu. Kuanzia 2005 timu 35 za juu kwa pointi zilikuwa na nafasi ya uhakika katika kila mbio. Wengine walipigania nafasi zilizobaki kwa kasi ya mzunguko wa kufuzu. Ukikosa, gari lilirudi kwenye lori kabla ya mbio. Mdhamini gani angelipia hilo?