Kabla ya Kujenga Mfumo wa Wawekezaji Mkoani, Anzeni na Jedwali la Ardhi

Kampuni husajiliwa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, leseni ya biashara inayotolewa na halmashauri huombwa kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa serikali za mitaa. Mkoa usitumie fedha kuyarudia hayo kwenye mfumo wake. Mwekezaji akifika kwa Katibu Tawala wa Mkoa ana maswali mawili: ardhi iko wapi, na faili langu liko kwa nani?

Ardhi kwanza. Kila eneo lipewe mstari wake kwenye jedwali: halmashauri, kijiji au mtaa, hekta, aina ya ardhi, hali ya fidia, umbali hadi umeme wa njia tatu, chanzo cha maji, na cheo cha aliyethibitisha pamoja na tarehe. Safu ya fidia ndiyo huachwa wazi, na migogoro mingi huanzia hapo. Ardhi ya kijiji haitolewi kwa mwekezaji kabla ya kuhawilishwa, yaani kuhamishwa iwe ardhi ya jumla: isiyozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa, ikizidi hapo, anayeamua ni Waziri. Basi andikeni hatua iliyofikiwa, msiandike "ipo tayari" kwa matumaini.

Viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali eneo lilipo, navyo vinataka umakini. Simu hutoa vipimo vya WGS 84, ilhali ramani nyingi za zamani zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo mwingine wa kupimia mahali. Ukivichanganya, eneo husogea kiasi cha mita 300 na kuangukia shamba la mtu. Dodoma kuna mtego mwingine: longitudo 36 inaukata mkoa, hivyo Bahi iko kanda ya 36 ya UTM (mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda) na mji wa Mpwapwa kanda ya 37. Hifadhini kila kitu kwa digrii za desimali za WGS 84, wala msisahau alama ya kutoa kwenye latitudo.

Kuhusu faili, ombi lipewe namba, afisa anayelishughulikia na tarehe ya mwisho. Likihama meza, mwombaji apate ujumbe mfupi. Ombi liunganishwe na cheo cha afisa, maana afisa akihamishwa faili lililounganishwa na jina lake hukwama. Mawasiliano yapite kwenye baruapepe ya serikali. Nakala ya pasipoti kutupwa kwenye kundi la WhatsApp ni kucheza na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Eneo lisilothibitishwa upya kwa miezi 3 mfumo uliondoe wenyewe kwenye tovuti, hadi Afisa Ardhi wa halmashauri aweke tarehe mpya.