Tangi la trela: lijae au liwe tupu njiani?

Ndugu, umeuliza kama ujaze tangi la maji la trela Nairobi au uende nalo tupu mpaka Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Nenda nalo tupu hadi Isiolo, ujaze pomoni hapo. Marsabit usiitegemee, wenyeji wenyewe maji huwapa shida, na mbele yako ni jangwa la Chalbi. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi na floridi nyingi, si ya kunywa.

Lita 100 ni kilo 100, kwa hiyo pima uzito wa trela kwanza. Nusu tangi silipendi kabisa: maji yanachezacheza na kuyumbisha trela kwenye kona. Ya kunywa weka kwenye madumu ndani ya gari, tafadhali sana. Jiwe moja likitoboa tangi, hutabaki na kitu.