Kwa nyinyi mnaoanza kazi ya kaunta ya tiketi

Wasee mnaoingia kazi ya reli hapa Nairobi, wiki ya kwanza mtaonyeshwa kompyuta, mtaonyeshwa vile pesa inafungwa jioni, halafu basi, mmeachwa. Sheria za tiketi zenyewe hakuna mtu atakukalisha chini akufunze. Utazitafuta mwenyewe ama utakuwa unabahatisha, na wanaobahatisha ni wengi kuliko vile abiria anafikiria.

Chukua mama amekuja na watoto wawili wa kwenda Mombasa na treni ya SGR, mmoja ana miaka miwili, mwingine nane. Dirisha hili anaambiwa wote walipe nusu, lile lingine anaambiwa huyo wa nane alipe nauli nzima juu "ni mrefu". Mrefu! Sheria haipimi mtu kwa futi. Chini ya miaka 3 ni bure, 3 hadi 11 ni nusu, imeisha. Na tangu nauli ya ekonomi, ile daraja ya bei ya chini, ipande kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, hiyo nusu ni 750, pesa ya mboga wiki nzima kwa watu wengine, na wewe unaitaja tu kwa kubahatisha.

Lakini ugonjwa wenyewe ni hili jibu la "sistimu imekataa". Sistimu haikatai bure. Pengine treni imejaa, pengine namba ya kitambulisho imeingizwa vibaya, pengine abiria anashuka Emali na umemwekea treni ya mchana wakati inayosimama vistesheni vya katikati ni ile ya saa mbili asubuhi. Karani anayejua anaona hiyo kitu mara moja, asiyejua anageuza skrini kidogo abiria aone maandishi mekundu, kama vile hayo mekundu ndio maelezo.

Wale wazee waliouza tiketi kabla ya kompyuta walikuwa na ringa, na ilikuwa haki yao. Unamuuliza mambo ya mzigo ama tiketi ya kurudi akiwa na chai mkononi, anakujibu bila hata kukuangalia, na jibu ni sawa. Ilibidi ajue kwa kichwa. Siku hizi mashine ndio inajua kwa niaba yetu, so mtu haoni aibu kutojua. Sisemi ni uvivu peke yake, hapana, mtu yuko na kandarasi fupi, na sheria mpya inaletwa kwa WhatsApp katikati ya shifti laini ikiwa imefika mlangoni, utaisoma saa ngapi?

Sasa fanyeni hivi. Memo ikija, andika kwa kijitabu chako pamoja na tarehe, juu kuna siku wadosi wawili watakupa majibu mawili na utahitaji kuonyesha ya mwisho ni gani. Usipojua kitu, mwambie abiria "ngoja niulize", halafu uinuke wewe ndio uende, usimtume yeye dirisha la tatu na mabegi yake. Na ukimuuzia mtu tiketi ya Mombasa, mwambie kabla hajatoka kwamba treni inaondokea Syokimau, si hapa tao, na treni ya kumtoa tao kumfikisha huko inalipiwa kivyake, afike mapema pia, mizigo inanuswa na mbwa kwanza. Hayo hajakuuliza, lakini mwambie.