Jibu: Usipeleke hizo pesa kesho, hakuna sindano ya kusafisha damu

Dadangu usiende. Nimesoma yote uloandika, ile noti ya mia mbili yenye alama ya damu alokupa mteja hapo kibandani kwako cha M-Pesa na kidole chako kilikuwa kimechunika kando ya ukucha, na ushapima HIV mara mbili hakuna kitu, ya pili ulipima miezi mitatu ishapita tangu ile noti, na wauliza kama uvae glavu kazini na kama umwambie mchumba wako, halafu chini kabisa ndio waandika ati kesho waenda kupimwa "kila kitu" na kupigwa sindano za kusafisha damu kwa elfu sita na mia tano. Hilo la chini ndilo lilonifanya nijibu saa hizi.

La noti nilimalize haraka. HIV haipiti kwa noti, haipiti kwa sarafu, kwa kile chuma tunachoshikilia pale feri Likoni, kwa kiti cha matatu, choo, kikombe, jasho wala mate. Na kile kipimo cha kutoboa kidole kikisema hakuna kitu siku 90 baada ya jambo lenyewe, basi hilo ndilo jibu. Unalo tayari.

Mie hofu yangu ya HIV ilianza kwa kinyozi, alinikwangua shingoni kidogo tu nikaona damu kwenye taulo. Nikapima kwa wakati wake, hakuna kitu. Nikalala vizuri siku chache kisha usiku hofu ikarudi, je kama kipimo kilikuwa kibovu, je kama walichanganya majina, basi nikaenda kwengine. Hakuna kitu. Nikapima homa ya ini, kaswende, kifua, hakuna kitu, na kila karatasi safi nilokuwa napewa inanituliza muda mfupi kuliko ile ya kabla yake mpaka ikafika nimeshika majibu mkononi, sijatoka hata mlangoni, nshaanza kushuku.

Sasa skiza hapa maana ndipo ulipo wewe. Ukipima sana, utapata kitu. Lazima utapata. Kuna vipimo vinashika vitu ambavyo si ugonjwa, na mie nilopatikana nacho ni taifodi, kwa kipimo cha Widal, kwenye chumba nyuma ya kemisti. Karatasi ilikuwa imeandikwa 1:160 na yule jamaa akaizungushia kalamu nyekundu mara mbili akaniambia "unaona, ishaingia kwenye damu." Sikuwa na homa! Tumbo haliumi, nala vizuri, nafanya kazi. Hakuniuliza hata swali moja la dalili. Ile Widal yaangalia kinga ambayo mwili umejitengenezea, na sie tunaoishi mahali taifodi ipo kila mwaka mtu aweza kuwa nayo kinga hiyo kutoka zamani, au ikaonekana kwa sababu ya maradhi mengine kabisa. Wataka kujua kweli, damu huoteshwa maabara waone kama mdudu atamea. Yule alivaa koti jeupe, hilo alipaswa kulijua, na kama hakulijua basi koti alilivalia nini?

Akanianzishia sindano. Naikumbuka sana ile chupa ndogo ya glasi, aliizungushia pamba shingoni akaivunja kwa kidole gumba, ikalia tk, akavuta dawa yote. Kesho yake tena, na kesho yake tena, na kila siku nalipa, nalipa pesa ya karo ya mtoto ilokuwa imewekwa, na nafurahi, ndilo linaloniuma, nilikuwa natoka pale na furaha kwamba sasa nasafishwa. Masikio yalipoanza kulia nikamwambia, akasema ni dawa inafanya kazi.

Ilikuwa gentamicin. Nilijua hospitalini, daktari wa masikio aliponiuliza nani alokupa hii na kwa ugonjwa gani. Ni dawa ya maana ukiwa mgonjwa kweli, lakini yaweza kuharibu masikio na figo, na sikio likishaharibika hivyo mara nyingi halirudi, ndio maana hospitalini wanapima figo na kuhesabu siku. Na taifodi yenyewe haitibiwi nayo, akanieleza mdudu wa taifodi hujificha ndani ya chembe za mwili ambako dawa hiyo haimfikii vizuri. Sikio langu la kushoto mpaka leo lina mlio mwembamba hauzimi. Mke wangu akiniita kutoka jikoni sisikii, mpaka aje aniguse bega.

Na hakuna kitu kinaitwa sindano ya kusafisha damu. Damu yasafishwa na figo zako na ini, bure, saa hizi ukisoma hapa. Anayekuuzia hilo jina ashajua hukuja kwa ugonjwa, umekuja kwa hofu, na hofu haina kipimo cha kusema imepona kwa hivyo atakuuzia tena.

Kabla hujatoa mkono upimwe jiulize maswali mawili tu: nina dalili gani, na wakisema hakuna kitu, ntakubali? La pili likiwa hapana, usipime. Rudi nyumbani. Utatetemeka usiku ule, utalia pengine, lakini hofu ukiiacha bila kukimbilia maabara yapoa yenyewe, pole pole, na kuna wataalamu kazi yao ni kukufunza hilo hasa. Hospitali ya Port Reitz hapa Mombasa kuna kitengo cha afya ya akili. Nenda pale, useme kwamba umepima ukaambiwa uko sawa na huwezi kuamini. Hayo maneno yatosha, si lazima uanze na noti.

Na kama ushapigwa ya kwanza leo, tafadhali niambie chupa imeandikwa nini. Masikio yakianza kulia au ukisimama uone kizunguzungu, usirudi kwa huyo mtu, nenda hospitali usiku huo huo.