Mikaratusi tupu si msitu?

Swali: Mhariri, shamba la mikaratusi si msitu pia? Inakua chap na hewa ya ukaa inanyonya, sasa mbona mnang'ang'ania miti ya asili?

Jibu: Ndugu msomaji, kunyonya inanyonya, karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, ila nje ya kwao Australia ingia shambani humo usikilize, kimya, ndege wachache, na ukiikata ukachoma ile kaboni inarudi hewani. Mkuyu wetu wa asili sasa! Kuyu moja ukilipasua unakuta vinyigu vidogo, ndo wachavushaji wenyewe, halafu ndege na nyani wanakula wanaenda kunya mbegu huko mbali, yaani wanakupandia bure. Na kama visiki vya zamani vya miti ya asili bado vinachipua usikimbilie kitalu, zuia moto na mifugo kwanza.