Korongo Wako Kwenye Fulana za Watu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. Unasema rafiki yako amekutumia picha ya fulana inayouzwa mtandaoni, na kifuani pake yumo korongo wako, yule yule uliyemchora akisimama kwa mguu mmoja, hata ule mstari uliokuponyoka kwenye bawa upo vilevile. Ulipotafuta zaidi ukamkuta kwenye vikombe, mifuko na makava ya simu, katika maduka manne yenye majina tofauti. Kisha ukaniuliza: "Mama, nifurahi kwamba kazi yangu imependwa, au nimwandikie huyu mtu nimwage hasira zangu?"

Leo usifanye hata moja kati ya hayo. Hasira yako naijua, maana niliwahi kuwa nayo, na iliniharibia. Miaka ile nilipokuwa napiga picha, niliikuta picha yangu ya machweo kwenye kalenda ya ukutani. Nikaenda kwa mchapishaji natetemeka, mikono mitupu, hata kalenda moja sikuwa nimenunua. Nikasema yote yaliyonijaa. Siku ya pili hapakuwa na kalenda hata moja pale, na nilipoambiwa nionyeshe ninachokidai, sikuwa na cha kuonyesha. Mpaka leo linaniuma, na sitaki likupate. Ukurasa wa mtandaoni hufutika upesi kuliko kalenda inavyotolewa ukutani. Ukimtukana muuzaji leo, kesho unaweza kukuta duka limebadili jina na ushahidi umeondoka nalo.

Halafu, huyo unayetaka kumtukana huenda si mtu. Uliniambia kwamba ulipouweka mchoro, watu waliandika chini yake, "Natamani fulana yenye picha hii." Ziko programu zinazowinda maneno kama hayo, zikiyaona, hunyakua picha na kufungua ukurasa wa kuiuza bila binadamu kuitazama. Desemba 2019 wachoraji waliziumbua. Mmoja aliweka mchoro wenye maandishi yanayosema tovuti hii inauza kazi za wizi, msinunue, akawaomba wafuasi wake waandike kwamba wanautaka kwenye fulana. Haukupita muda, fulana zenye maandishi hayo hayo zikawa zinauzwa. Programu haioni aibu. Barua yako ya uchungu ingekwenda kwa asiyesoma.

Jua pia biashara yenyewe inavyokwenda. Wengi wa wauzaji hawa hawana ghala. Fulana ya korongo wako haijachapwa. Itachapwa siku mteja atakapolipa, na atakayeichapa ni kampuni nyingine kabisa. Kwa hiyo ukurasa ukiondolewa, kwa kawaida bidhaa yenyewe imekufa. Ndiyo maana nguvu zako uzielekeze kwa jukwaa linalobeba duka, siyo kwa mwenye duka.

Lakini kwanza ushahidi. Piga picha ya skrini ya kila ukurasa, ionekane anwani yote ya ukurasa, jina la duka, bei na tarehe. Kisha ipeleke anwani hiyo kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa za tovuti, ihifadhi nakala yenye tarehe, ili pasiwe na wa kusema umeitengeneza mwenyewe. Ukiweza, nunua fulana moja na utunze risiti na bahasha iliyokuja nayo, kwa sababu bahasha mara nyingine hutaja mahali ilikotoka. Tafuta na maduka mengine kwa picha yenyewe badala ya maneno. Google Lens na TinEye hufanya kazi hiyo, na mara nyingi hazileti majibu sawa, basi tumia zote mbili. Upande wako, weka pamoja rasimu za penseli, faili la kompyuta lenye tabaka zake zote, yaani sehemu za mchoro ulizozichora moja juu ya nyingine, na kiungo cha siku ulipoonyesha mchoro kwa mara ya kwanza. Mwizi ana picha bapa tu aliyoitoa mtandaoni. Tabaka unazo wewe peke yako.

Usianze kujiuliza kama unastahili kudai kwa kuwa hukuusajili mchoro. Haki unayo tangu ulipoinua kalamu. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini mwaka 1886 na ambao sasa una nchi wanachama zaidi ya 180, hauruhusu hakimiliki ifungwe kwenye usajili au utaratibu wowote. Usajili unakuja kuwa na uzito mahali pengine: ukitaka kushtaki Marekani na kudai fidia ile iliyowekwa na sheria yenyewe, ni lazima uwe umesajili mapema. Wala kuiweka picha hadharani siyo kuitoa sadaka. Masharti uliyoyakubali ulipofungua akaunti yanaipa kampuni ya mtandao ruhusa ya kuionyesha. Mpita njia hayampi ruhusa ya kuichapa na kuiuza.

(Kama ingekuwa picha ya uso wako iliyopigwa na mwingine, ningekujibu vingine. Hapo hakimiliki kwa kawaida ni ya aliyepiga, na wewe ungedai kwa njia ya faragha au haki ya sura yako, ambayo kila nchi ina sheria zake.)

Sasa notisi, yaani barua rasmi ya kulitaka jukwaa liondoe ukurasa. Majukwaa makubwa mengi yanafuata sheria ya Marekani ya hakimiliki mtandaoni ya mwaka 1998 inayoitwa DMCA, na yana fomu zake. Andika bila kulalamika: kazi yako ni ipi na inaonekana wapi kihalali; kisha anwani kamili ya kila ukurasa unaotaka uondolewe, mmoja mmoja, kwa sababu ukiandika "ondoeni picha zangu zote dukani humo" watakurudishia. Weka mawasiliano yako, tamko kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayana ruhusa, tamko kwamba taarifa ni sahihi na kwamba una mamlaka ya kudai, na sahihi yako. Hilo la mamlaka unaliapia, kwa hiyo usithubutu kulitumia dhidi ya mtu aliyechora korongo wake mwenyewe. Korongo kusimama mguu mmoja ni mali ya kila mwenye macho. Chako ni huu mchoro, mistari hii.

Jambo moja linalowashtua wengi: jukwaa linaweza kumpelekea muuzaji jina na mawasiliano uliyoandika. Fungua barua pepe ya kazi hiyo tu, na anwani ya nyumbani usiitoe ikiwa una anwani nyingine halali ya kutumia.

Muuzaji naye ana haki ya kujibu kwamba umekosea. Akifanya hivyo, sheria hiyo inasema ukurasa unarudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa wewe uwe umekwenda mahakamani. Hapo ndipo utahitaji wakili wa hakimiliki. Wanaoiba kwa programu mara nyingi hawafiki huko, maana kujibu kunawalazimu kutaja jina na anwani na kukubali kushtakiwa.

Najua utakachoniambia: wataondolewa leo, keshokutwa wamerudi kwa jina jipya. Ni kweli, na inachosha. Lakini sheria ile ile inalitaka jukwaa liwe na utaratibu wa kuwafungia wanaorudia kosa, na hawawezi kuhesabu makosa ambayo hayakuripotiwa. Kila notisi inahesabiwa. Jiwekee siku moja kwa mwezi ya kutafuta na kutuma, siku nyingine chora. Sitaki uache kuchora ukalinde korongo mmoja.

Kati ya maduka yale manne, nimeona moja lina jina la kampuni iliyosajiliwa na anwani. Hilo lisimame peke yake. Ukurasa wao uondolewe, ndiyo, lakini pia waandikiwe barua: waache, waseme wameuza ngapi, na walipe. Mwenye anwani anaweza kudaiwa.

Na ulivyouliza kuhusu kufurahi: furahi kwa wale walioandika kwamba wanataka fulana yenye korongo wako. Hao ndio waliompenda. Aliyeichukua hakuuliza hata ni ndege gani. Wale bado wapo, na fulana halali hawajaipata.

Nitumie picha za skrini kabla hujalala, na rasimu ya notisi ya duka la kwanza. Nitaisoma nawe kwa simu, neno kwa neno, kisha uitume.

Mama yako