Nyama imetuuguza: kesi inaanzia lopitali

Juma hili karibu kila aliyeniandikia mimi, avoka (wakili) wa hapa Lubumbashi, Kongo, anauliza juu ya nyama ya ng'ombe iliyomuuguza yeye au watoto wake. Nimechukua maswali sita. La kwanza ndilo lililoninyima usingizi, nalo nitalijibu kwa urefu.

Jambo Maître. Nilinunua nyama ya kusaga kwenye busheri (duka la nyama). Siku ya tatu watoto wangu wawili wakaanza kuhara damu, mdogo akalazwa siku sita. Mwenye busheri anasema ni maji ya kisima chetu. Naweza kumshitaki? (Mama wa Katuba)

Pole sana, mama. Mtoto kwanza, kesi baadaye: kama huyo mdogo anakojoa kidogo mno, amepauka au uso umevimba, mrudishe lopitali leo hii. Kuna kidudu kinachokaa matumboni mwa ng'ombe, E. coli O157:H7. Sumu yake huweza kuharibu figo za mtoto karibu wiki moja baada ya kuhara kuanza, wakati nyumbani mmeshaanza kushukuru kwamba amepona. Nyama ya kusaga ni ya hatari zaidi kwa sababu mashine inaingiza ndani uchafu uliokuwa juu ya nyama.

Kumshitaki unaweza. Kitabu cha tatu cha Kode Sivili yetu (sheria za madai za Kongo), kifungu cha 258, kinamtaka aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake ailipe. Cha 259 kinaongeza uzembe, na cha 260 kinamfanya patroni (mwajiri) ajibu makosa ya wafanyakazi wake wakiwa kazini. Ila mbele ya hakimu utaonyesha mambo matatu: kosa, madhara, na uzi unaounganisha hayo mawili. Madhara unayo. Kosa hutafutwa: nyama iliyoyeyuka umeme ulipokatika ikagandishwa tena, mashine ya kusagia isiyooshwa. Uzi ndio unaokatika upesi, na huyo bwana ameshaanza kuukata kwa habari ya kisima.

Basi uliza lopitali kama choo cha mtoto kilipimwa, uombe nakala ya matokeo. Akiugua mwingine, mwambie daktari neno hili: koprokiltire, yaani choo kioteshwe laboratwari ili kidudu kijulikane kwa jina, na kichukuliwe kabla ya antibiotiki. Nyama iliyobaki usiitupe: ifunge kwenye nailoni mbili, andika tarehe, uigandishe mbali na chakula. Kisha andika majina ya majirani wanaochota kisimani hapo bila kuugua, na ya wateja wengine wa busheri ile waliougua siku zilezile. Majirani kumi wazima wanaokunywa maji hayohayo watamshawishi hakimu kuliko maneno yangu.

Niliwahi kumpokea baba mmoja aliyekuja na ordonansi nne za dawa, zimekunjwa na kukunjuliwa mpaka zimelainika kama kitambaa. Hakuna hata moja iliyosema mtoto aliugua nini. Nyama walimpa mbwa. Mtoto alibaki na figo mbovu, nami sikuweza kumfikisha baba yule popote. Bado naziona karatasi zile mkononi mwake.

Nilinunua soko la Kenya hapa mjini, mezani. Hakuna fakture (risiti). Nimepoteza? (Papa wa Kamalondo)

Hapana, papa. Huku si kudai deni la mkataba, ni kuthibitisha jambo lililotokea, na hilo linathibitishwa kwa njia yoyote. Aliyekuwa nawe ni shahidi. Mesaji ya M-Pesa au Airtel Money inaonyesha siku, saa na aliyepokea, kwa hiyo usiifute. Andika leo ni meza ipi na nani alikukatia.

Niende parke (ofisi ya waendesha mashitaka) au tribinali (mahakama)? (Bila jina)

Kumuuguza mtu kwa uzembe ni kosa la jinai: kifungu cha 52 na cha 54 vya Kode Penali, kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1. Kwa kuwa adhabu haipiti mwaka, mashitaka nayo yanakufa baada ya mwaka 1, usilale. Faida ya parke ni kwamba ina nguvu ya kuita watu na kufanya uchunguzi ambao wewe huwezi. Kesi ikifika tribinali, jiunge kama parti sivili udai fidia yako humohumo. Kesi ya madai peke yake ina muda mrefu, miaka 30, lakini nani atakumbuka? Na kuamua kiasi cha fidia ni kazi ya hakimu. Polisi hana mamlaka hayo.

Sina pesa ya avoka.

Sheria ya mawakili ya tarehe 28 Septemba 1979 inaitaka baro (chama cha mawakili) iwe na ofisi ya ushauri wa bure. Iulizie kwenye baro ya hapa Lubumbashi. Tafuta kwanza cheti cha umaskini. Pa kuanzia kuuliza ni ofisi ya komini yako (wilaya yako ya mji). Kitakufaa pia kuomba usamehewe ada za tribinali.

Dada yangu yuko Marekani, aliugua kwa hamburger. Avoka wa huko anasema hatalipwa mpaka washinde. Ni mtego? (Yaya wa Kampemba)

Si mtego. Kwetu mkataba wa kugawana ushindi umekatazwa kwa maavoka, huko ni kawaida, na mara nyingi avoka huchukua karibu theluthi. Dada aulize jambo moja kabla ya kutia sahihi: tukishindwa, gharama za wataalamu analipa nani? Muda wa kushitaki unatofautiana kila jimbo, asikawie.

Mwaka 1993 hamburger za mikahawa ya Jack in the Box ziliuguza watu zaidi ya 700 huko, na watoto 4 wakafa. Msichana mmoja aliyenusurika alilipwa dola milioni 15.6. Mwaka 1994 serikali ikapiga marufuku kuuza nyama ya kusaga yenye kidudu hicho, na 1996 ikaanza mtandao wa maabara, PulseNet, unaolinganisha kidudu cha mgonjwa na kile cha kwenye nyama. Huo ndio uzi niliomwambia mama wa Katuba. Dada naye aulize: choo changu kilipimwa?

Mimi ni muuzaji, Ruashi. Nyama yangu ina muhuri wa daktari wa wanyama. Mteja akiugua nalipa mimi?

Huenda ukalipa, ndugu. Muhuri unasema ng'ombe alikaguliwa siku ya kuchinjwa, hausemi nyama ilikaaje kwako siku mbili baadaye. Ila kama uchafu ulitoka kwa aliyekuuzia, unaweza kumvuta kwenye kesi awe mdhamini wako, mradi uonyeshe ni nani. Nyama iliyopitia mpakani Kasumbalesa, weka karatasi zake. Iliyochinjwa hapa, andika kila asubuhi kwenye daftari: tarehe, jina la aliyekuletea, kilo ngapi. Na mabaki ya jana usiyasage pamoja na nyama ya leo, maana kuanzia hapo hata daftari halitajua ni ya nani.